Maneno Tuliyotunga Jikoni

Mwaka wangu wa tatu chuoni, idara yetu ya Kiswahili ilipata ufadhili wa kuwatoa wanafunzi nje ya darasa. Tangazo lilisema hivyo hivyo, kuwatoa nje ya darasa, kama vile tulikuwa mbuzi. Kila kundi lilipewa mada, mlezi, kinasa sauti kimoja, na vizibao vya rangi ya machungwa vyenye nembo ya wafadhili mgongoni. Mada yetu ilikuwa msamiati wa wafanyabiashara wa Kariakoo.

Kundi letu lilikuwa la watu wawili. Mwenzangu alikuwa kijana kutoka Rukwa, mpole, mwenye kuandika kila kitu kwa penseli aliyoichonga kwa wembe. Mimi nilichaguliwa kwa sababu ya fomu. Kwenye fomu nilikuwa nimejaza kwamba wazazi wangu wako Moshi, ila hapa mjini naishi Mchafukoge kwa mama yangu mdogo, mwenye duka la vifaa vya ushonaji Kariakoo. Mlezi aliposoma hapo akavua miwani.

"Kumbe wewe ni mtoto wa soko," akaniambia. "Wewe ndiye utakayetufungulia milango."

Duka la mama mdogo halina mlango. Lina chuma cha kukunja ambacho hupandishwa saa mbili asubuhi, na baada ya hapo anaingia anayetaka. Lakini sikumwambia. Nilikuwa na haja na barua yake ya mapendekezo, na mtu mwenye haja na barua hujifunza kunyamaza mapema.

Mlezi wetu alikuwa mhadhiri wa makamo, mtu wa kaunda suti zilizopigwa pasi hadi zikang'aa. Alikuwa anasema "muktadha" na "uga" hata anapoagiza chai. Katika kikao cha kwanza alitupa maelekezo ambayo mwenzangu aliyaandika yote.

"Sitaki maneno yaliyomo kwenye kamusi," alisema. "Nataka yale ambayo hayajawahi kuandikwa. Nendeni chini. Chini kabisa."

Nimeshinda Kariakoo miaka, najua chini kabisa kuna nini. Kuna mitaro. Yeye mwenyewe hakuja hata siku moja katika miezi minne ya mradi. Alisema uwepo wake ungeathiri data.

Siku ya kwanza tukaingia dukani kwa mama mdogo tumevaa vizibao vyetu. Wateja wawili waliokuwa wanachagua zipu wakadhani sisi ni wa manispaa, wakaziweka chini na kuondoka. Mama mdogo akatutazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Mmenifukuzia watu," alisema. "Haya, mnataka nini?"

Mwenzangu akamwamkia, akampa fomu ya ridhaa asaini, akawasha kinasa sauti na kukisogeza katikati ya makopo ya vifungo. Kisha akauliza, taratibu, kama alivyofundishwa: "Mama, ninyi wafanyabiashara mna maneno gani ya kwenu, ambayo watu wa nje hawayajui?"

"Tunaongea Kiswahili tu, baba."

"Lakini kwa mfano, mteja akija akauliza bei halafu asinunue, mnamwitaje?"

"Mteja."

"Hamna jina lake maalumu?"

"Akishaondoka? Hapana. Akishaondoka namhudumia mwingine."

Tulikaa hapo mpaka saa saba. Tulipata maneno manne, na yote hata bibi yangu kule Kibosho anayajua. Mlezi alipoyaona akayasukuma upande wangu wa meza kwa kidole kimoja. "Hamkuzama," alisema. "Mmebaki juu juu. Jamii haijawaamini." Mwenzangu akaandika kwenye daftari lake: jamii haijatuamini. Usiku ule, nadhani, hakulala vizuri.

Tuliporudi wiki iliyofuata alikuwa na uso wa mtu aliyefiwa. Akauliza maswali yale yale, sauti ikiwa chini zaidi. Mama mdogo alikuwa anapima lastiki. Akamwangalia, akaniangalia mimi, akaendelea kupima, kisha akasema, bila kucheka hata kidogo:

"Lipo moja. Yule anayegusa kila kitambaa halafu anaondoka, tunamwita mpima joto."

Penseli ya mwenzangu ikasimama hewani.

"Mpima joto?"

"Ndiyo. Na yule anayesema 'narudi sasa hivi' ni msafiri. Tunaulizana, je, msafiri wako kafika?"

Nimelala chumba kimoja na mama mdogo tangu nikiwa kidato cha tano, na nimemsaidia dukani kila Jumamosi. Sijawahi kumsikia akisema mpima joto. Nilijua pale pale kwamba ameyatunga akiwa na futi mkononi. Na nilimwona mwenzangu akiandika huku anatabasamu, tabasamu la kwanza tangu tuanze kazi ile, nikashika kinasa sauti vizuri ili kisianguke.

Jioni mama mdogo alicheka mpaka akaweka kisu chini. Ilikuwa Jumanne, tulikuwa jikoni tunamenya ndizi za mtori.

"Mama mdogo, hayo maneno yanaenda kwenye kitabu," nikamwambia.

"Sasa ulitaka nimwambieje? Yule mtoto angelia kwenye vifungo vyangu. Na huyo mwalimu wenu, kama anataka maneno, si aje achukue?"

Ningeweza kuliacha jambo hapo. Badala yake nikamwonyesha ndizi niliyokuwa nimeishika. "Na kumenya?" nikasema. "Kumenya mteja. Unamtoa hela polepole, ganda kwa ganda, mpaka anabaki mweupe."

Mama mdogo akapiga paja. "Hilo kesho kutwa namwambia," akasema, na kweli akamwambia. Tangu siku hiyo kazi ikawa rahisi. Mlezi alitusifu mbele ya makundi mengine, akasema sasa tumezama. Mimi nilisimama pale nikipokea sifa za neno nililolipata kwenye sufuria la ndizi, na sikuona haya kama nilivyotakiwa kuona.

Pembeni ya duka, barazani, alikuwepo mzee mmoja fundi cherehani aliyeshona kanzu. Familia yake ilikuwa ya Ilala tangu enzi za babu yake. Mwenzangu ndiye aliyemfuata, mimi sikuwa na habari naye zaidi ya salamu ya asubuhi. Mzee aliisoma fomu ya ridhaa yote, ukurasa wa mbele na wa nyuma, jambo ambalo hakuna mtu mwingine aliyelifanya, hata sisi.

"Nikikubali, mimi nitapata nini?" akauliza.

"Jina lako litakuwa kwenye kitabu, mzee," mwenzangu akamjibu. "Nakuahidi."

Mzee akasaini. Kisha akatandaza kanzu aliyokuwa nayo mashineni na kutufundisha kwa kidole. "Hii ni badani, kipande kikubwa cha mwili. Mbele badani, nyuma badani. Huku ubavuni, hiki kipande kinachofungua kanzu ili mtu atembee, ni taharizi. Na hiki hapa chini ya kwapa ni kikwapa. Ukikiacha, mtu anainua mikono kuomba dua, kanzu inachanika msikitini." Akaeleza hata jinsi baba yake alivyompiga rula alipokata taharizi fupi. Saa mbili nzima. Mwenzangu alijaza kurasa kumi na moja na kuchora michoro.

Tulipompelekea kurasa hizo ofisini, mlezi alifungua kamusi mbele yetu. "Badani, limo. Taharizi, limo. Kikwapa, limo." Akaifunga. "Mmepoteza siku nzima kunukuu kamusi. Futeni."

Miaka mitatu nilikuwa nasoma Kiswahili kwa yule bwana, na maneno yale matatu sikuwahi kuyasikia mdomoni mwake. Nina hakika hata yeye aliyakuta siku ile ile, alipofungua ukurasa. Lakini yalikuwa na kosa moja kubwa: yalikuwa ya kweli, na mtu mwingine alishayaandika. Mwenzangu alijaribu kutetea. Alisema mzee amesaini, ameahidiwa. Mlezi akamwambia ridhaa siyo mkataba wa uchapishaji, na kwamba akikua atajifunza tofauti.

Hafla ya kufunga mradi ilifanyika kwenye ukumbi wa hoteli moja upande wa Kivukoni, kiyoyozi kikali mpaka watu wakajifunika kwa mabango. Wafadhili walikuwa mstari wa mbele. Mama mdogo alialikwa kama mwakilishi wa jamii; alifunga duka nusu siku, akavaa gauni la kitenge la harusi ya mdogo wake. Kijitabu kilikuwa kimeshachapwa. Nilitafuta jina la fundi wa kanzu kwenye ukurasa wa shukrani. Kulikuwa na wafadhili, mkuu wa idara, mke wa mlezi kwa uvumilivu wake, na mpiga picha.

Mlezi alizungumza kwa dakika arobaini. Kwenye projekta likatokea neno KUMENYA, kubwa kama tangazo la sabuni. Alisema ni sitiari ya mavuno ndani ya uchumi wa mjini, kwamba mchuuzi wa Kariakoo, bila kujua, amehifadhi kumbukumbu ya shamba katika kitendo cha kupatana bei. Mbele kule watu waliandika. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Ndipo mgeni mmoja, mama wa heshima aliyekuwa anazungumza Kiswahili cha shule, akanyoosha mkono na kumuuliza mwakilishi wa jamii swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza: neno hili lilianza lini?

Wakampelekea mama mdogo kipaza sauti. Akasimama, akanyoosha gauni.

"Jumanne," alisema.

Mgeni akaweka mkono sikioni, kama aliyesikia vibaya.

"Lilianza Jumanne. Tulikuwa jikoni tunamenya ndizi, mimi na huyu mwanangu pale." Akaninyooshea kidole. "Mpima joto na msafiri niliyatunga mwenyewe, kwa kuwa walikuwa hawaondoki dukani. Hili la kumenya ni lake. Anajua kutunga, huyu."

Alisema ukweli wote, kwa sauti, kwenye kipaza sauti, mbele ya kila aliyelipia. Nikasubiri dari ianguke.

Mlezi akacheka. Akapiga makofi matatu, akageukia wafadhili. "Mnaona!" alisema. "Kwa mzungumzaji asilia lugha haina historia. Daima ilianza juzi. Daima ilianzia jikoni. Hiki ndicho tulichokuwa tunakitafuta!"

Wakapiga makofi. Wengine walisimama. Mama mdogo akaketi, akaniegemea. "Hawa watu hawasikii?" akaninong'oneza. "Nimewaambia uongo wakaandika, nimewaambia ukweli wanapiga makofi." Baadaye alikula sambusa sita na kuniambia angalau wanajua kupika.

Katika ukumbi ule mzima ni mtu mmoja tu aliyemsikia. Nilimkuta mwenzangu koridoni, karibu na lifti, kijitabu mkononi.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu la kwanza."

Hakupandisha sauti. "Mimi niliwaandikia nyumbani," alisema. "Nilimwandikia baba maneno yale yote, nikamwambia ndiyo kazi yangu ya kwanza." Kisha akavua kizibao, akakikunja vizuri kama mtu anayekunja shuka, akakiweka juu ya kiti cha koridoni na kushuka kwa ngazi. Kumwomba radhi kulinijia akilini, lakini ndani walikuwa wanaanza kugawa vyeti, nikarudi.

Wiki hiyo hiyo alikuja Kariakoo peke yake. Mimi nilikuwa ndani ya duka, nyuma ya maboksi ya nyuzi, na sikutoka. Nilimwona akichuchumaa mbele ya yule fundi, akimwamkia, akimweleza. Nilisikia vipande tu: jina halimo, nilikuahidi, samahani sana mzee. Mashine haikusimama. Mzee alimaliza mshono aliokuwa nao, akakata uzi kwa meno.

"Sasa umekuja kuniambia hilo tu?"

"Ndiyo, mzee."

"Haya. Macho yako ni mazuri kuliko yangu. Nitungie sindano."

Akamtungia. Akabaki pale mpaka adhuhuri, akimtungia sindano moja baada ya nyingine, na mzee akawa anamweleza jambo kwa mikono yote miwili. Mama mdogo alinikuta nimejificha na kunisukuma bega. "Toka ukawasalimie," alisema. Nikasema nina kazi ya kupanga nyuzi. Nyuzi zilikuwa zimepangwa.

Mwezi uliofuata mlezi alituita ofisini wote wawili. Wafadhili walikuwa wamependa, kulikuwa na awamu ya pili, safari hii msamiati wa mnada wa samaki Feri. Mwenzangu alisema hapana, asante, akamshika mkono, akatoka. Mlezi alishangaa sana. Akaniambia vijana wa siku hizi hawana njaa ya elimu. Kisha akaniuliza mimi.

Nilikubali kabla hajamaliza kuuliza. Barua ya mapendekezo niliipata, kurasa mbili, inasema mimi ni mtafiti mwenye uwezo wa nadra wa kuifikia jamii. Ndiyo iliyonipatia kazi niliyonayo mpaka leo, ambayo ni kuwatafutia wanafunzi miradi ya nje ya darasa.