Bangili ya Haramia

Kwetu Tabata, kwenye kabati la vyombo, kulikuwa na bangili ya chuma ambayo mama hakuruhusu mtu aiguse. Ilikuwa ya babu wa babu yetu, haramia aliyetoka Arabuni akaitetemesha pwani nzima. Kila binti wa ukoo huvishwa siku ya harusi. Siku yangu mie, ilikataa kufunga, shangazi wakabana mpaka nikalia, na nikasemwa mwaka mzima kwa mikono yangu minene.

Kisha mdogo wangu akaposwa na familia ya wafanyabiashara wenye asili ya Kiarabu, watu wa kuchimba ukoo kwelikweli. Baba wa kijana akatutania, "Haramia wenu wa wapi hasa? Isije ikawa ni ndugu yetu!" Mama akacheka, lakini kesho yake akanituma Temeke kwa dada yake bibi, nikaulizie jina la ukoo la huyo haramia. Nikaenda na daftari, najiona mtu wa maana.

Nilimkuta bibi huyo anachambua mchicha. Nilipomaliza kuuliza, hakuinua hata macho.

"Haramia alikuwepo, na alitisha kweli. Alikuwa anaiba watoto huku pwani, anakwenda kuwauza. Babu yenu ni mmoja wa hao watoto. Lile lichuma lilikuwa pingu mguuni kwake."

"Bibi, acha utani."

"Nikutanie ili iweje? Lilipimwa kifundo cha mguu wa mtoto, wewe mkono wako ungeingia wapi?"

Akanieleza kwamba wajukuu wa yule mtoto walichoka kusimangwa kwa utumwa wa babu yao, ndipo wakamchukua aliyemwiba wakamfanya ndiye babu. Halafu akanishika mkono. "Ukisema, posa inavunjika, wale hawaoi huku. Ukinyamaza, utakaa nalo moyoni. Mie nimekaa nalo tangu nikiwa mwali."

Nilirudi nimevimba kwa hasira. Nilimkasirikia bibi kwa kuniambia, mama kwa kunituma, na wale wakwe kwa maswali yao. Mama aliponiuliza jina, nikasema bibi kasahau. "Uzee jamani," akasema, akaendelea kukuna nazi.

Mara tatu nilimwita mdogo wangu chumbani nimwambie. Alikuwa anampenda yule kijana mpaka anaongea peke yake jikoni. Kila mara niliishia kumuuliza kama amekula. Nilikuwa mwoga, sina neno jingine.

Siku ya harusi mama akaitoa bangili, kaisugua kwa ndimu mpaka inang'aa. Kwa mdogo wangu ilikaa barabara, na shangazi wakapasua vigelegele. Kifungo chake ni kigumu, mama kikamshinda, akanipa mie. Nikakishika, nikakiachia tena.

"Dada, vipi tena?" mdogo wangu akanong'ona, ameninyooshea mkono wake wenye hina. "Funga basi, watu wananisubiri."

Nikaifunga.