Hamu ya Chinsaga

Nina miaka arobaini na mitatu, na mwezi jana niliwatangazia jamaa zangu mimba isiyokuwepo.

Nilikuwa nimebadilishiwa vidonge vya kupanga uzazi. Siku zangu hazikuja, nikawa na kichefuchefu kila asubuhi. Halafu nikashikwa na hamu ya chinsaga, mboga chungu ambayo mama alipikiwa kwa maziwa kila alipojifungua, nasi watoto tukaidokoa. Nikampigia mama simu nyumbani Nyaramba. Akanifuata hadi kliniki mjini Nyamira, amebeba chungu, shangazi wawili nyuma yake.

Nesi akatazama kipimo. “Huna mimba, dada. Ni hivyo vidonge vipya.”

“Na hamu ya chinsaga je?”

“Hujafika nyumbani tangu lini?”

“Huu ni mwaka wa tatu,” mama akanijibia, akifunua chungu.