Bi Tabu Achagua Trekta

Bi Tabu alipostaafu uuguzi, baada ya miaka thelathini na minne ya kusimama wodini, majirani zake wa Chamazi walidhani sasa atakaa barazani achambue mchele. Wapi! Alikuwa na eka zake tatu alizorithi kwa baba yake, zimegeuka pori tangu goti la kushoto lilipoanza kumsumbua. Jembe la mkono hakuliweza tena, na vibarua ukiwaita leo wanakuja keshokutwa, wanalima kipande, wanatoweka.

Mwanawe Anwar alikuwa na lake. "Mama, mji ushatufikia. Tukate viwanja tuuze, wewe upumzike." Wakabishana wiki nzima, mwisho wakapatana: masika yakiingia shamba halijalimwa, dalali anaitwa. Bi Tabu aliitikia kwa mdomo tu. Moyo ulimuuma, maana katika maisha yake yote ile ndiyo ardhi pekee aliyoweza kuiita yake.

Basi akachukua kiinua mgongo chake mpaka yadi moja ya matrekta kule Kipawa, akifuatana na mdogo wake Mfaume, fundi magari wa zamani anayejua kila kitu, hata asichokijua. Mfaume akaganda mbele ya trekta jekundu, matairi yake yanampita kimo. "Dada, hili ndilo lenye heshima. Ukipita nalo mtaani watakuamkia hadi wasiokujua."

Muuzaji, bwana mmoja mpole aitwaye Wilfred, akaanza kumwaga habari za nguvu za farasi. Bi Tabu hata hakumsikiliza. Alikusanya gauni lake, akapanda, akakanyaga klachi. Goti likapiga kelele. Akashuka. Akajaribu pawatila, ile unayoisukuma kwa mikono huku unatembea nyuma yake. Ikamtetemesha mpaka meno.

"Sasa mama, unapendelea rangi gani?" Wilfred akauliza.

"Rangi yoyote, baba. Mie natafuta klachi ya goti langu."

Akaupita mstari mzima, kila trekta anakanyaga mara ishirini kwa kuhesabu, kama alivyokuwa akihesabu mapigo ya wagonjwa. Mfaume, aibu imemshika, akajifanya anaongea na simu. Mwisho kabisa, huko nyuma, kulikuwa na kitrekta cha mtumba, kimepauka, kiti kimeshonwa kwa kamba. Klachi ikazama laini. Ishirini, arobaini, sitini. Goti kimya.

"Hiki," akasema.

"Dada, hiki si cha kukatia majani?" Mfaume alinung'unika, lakini akajilaza chini ya injini, akachungulia weee, akatoka na oili shavuni. "Kizima," akakiri.

Siku ya kwanza shambani kilimzimikia mara saba. Mara ya saba alilia, alilia kwelikweli, pale pale kwenye kiti, watu wakimtazama. Kisha akajifuta kwa ncha ya mtandio, akawasha tena. Siku ya nne alikuwa anapiga kona bila kuzima, na jioni yake akachomeka vijiti vya mihogo ukingoni.

Wiki iliyofuata mawingu yakaanza kujikusanya. Anwar akaja na gari, dalali pembeni yake ameshika futi kamba. Wakasimama ukingoni mwa shamba. Eka mbili na ushei zilikuwa zimefunuliwa, udongo wa kichanga unanukia unyevu, na Bi Tabu yuko juu ya kitrekta, kofia ya ukili kichwani, anatabasamu peke yake.

Anwar alishuka taratibu. Tangu mama yake aage wodi hakuwa amemwona na furaha namna ile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Shuka basi upumzike kidogo, nimalizie mie."

"Sishuki." Akapunguza moto wa injini, akanyoosha kidole. "Ila nisogezee gari lako. Umelisimamisha kwenye mihogo yangu."

Anwar akarudi kwenye usukani. Dalali akateremka, akaweka futi kamba mfukoni, akaanza kumwelekeza namna ya kurudi nyuma.