Mke Mwenza wa Peso Hamsini

Nassir wa Tanga ni fundi saa, na kiduka chake cha mtaa wa La Rochelle, huko kusini kabisa mwa Afrika, ni chembamba hivi kwamba akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili. Mpelekee saa, ataitengeneza. Ila kama una haraka, usimwulize habari za noti za Mexico, utakesha!

Ya kwanza aliikuta imekunjwa ndani ya saa kuukuu ya ukutani aliyonunua soko la Jumapili. Noti ina zaidi ya miaka mia, hata andazi hainunui. Akavaa kioo chake cha jichoni, akaona treni, farasi, moshi, vyote vimechongwa kwenye chuma mstari kwa mstari kabla ya kupigwa chapa. Basi, akashikwa. Sasa anazo arobaini na moja, na anayoipenda kuliko zote ni ya peso hamsini, yenye mwanamke aliyeinamisha macho, shingo yake imechorwa kwa vinukta vitupu.

Shufaa, mkewe, humwita yule mwanamke mke mwenza. "Mwenzangu umemtazama saa nzima," husema, "mimi hata salamu sijapata."

Lakini fundi mzima alifanya jambo la kipumbavu. Paa la chumba chao cha nyuma ya duka linavuja, na kitu pekee kilichokuwa kikavu siku zote ni albamu ya noti. Basi kibali chake cha kuishi nchini akakikunja, akakichomeka nyuma ya yule mwanamke, ndani ya mfuko uleule wa plastiki. Kilikuwa kinakaribia kuisha, na maombi ya kukirefusha hayajajibiwa.

Tangu Jumatatu kundi la watu lilikuwa likipita duka kwa duka, likidai vibali vya wageni. Anatole, kinyozi Mrundi wa jirani, walimvunjia vioo. Alhamisi saa nne asubuhi wakaingia kwa Nassir. Wengine walibaki nje, kiasi cha ishirini, na fimbo zao.

"Karatasi!" alisema kiongozi wao kwa Kizulu.

Nassir aliogopa, aliogopa vibaya. Mikono iliyozoea skrubu ndogo kama chawa ilishindwa kufungua albamu. Ilipofunguka, mmoja akapiga kelele: "Pesa za kigeni! Huyu anachapisha noti bandia!" Waliokuwa nje wakasogea mlangoni. Lahaula! Kibali cha kumwokoa kimo ndani ya kitu kinachomponza.

"Bhuti, kaka yangu, ni za zamani," alisema. "Tazama mwenyewe." Akampa kile kioo cha jichoni.

Kiongozi akainama juu ya yule mwanamke. Akavifuata vinukta vya shingo kwa kioo, kimoja kimoja.

"Hii ilichongwa kwa mkono?"

"Kwa mkono, bhuti."

"Eish." Akauchomoa mfuko mzima wa plastiki, akautia mfukoni mwa shati. "Mwanamke huyu namchukua mimi. Twendeni."

Wakatoka. Nassir akashusha pumzi. Shufaa akachungulia nyuma ya pazia. "Alhamdulillahi! Kibali wamekisoma?"

Kumbe kibali kimo ndani ya mfuko ule! Akinyamaza, hana karatasi kabisa. Akiwaita, wataisoma tarehe. Akatoka mbio, akawakuta kwenye robot, taa za njia panda.

"Bhuti!"

Wote ishirini wakageuka. Akaeleza. Kiongozi akatoa kibali nyuma ya noti, akakikunjua, akakisoma taratibu, kidole kikasimama kwenye tarehe.

"Kinaisha Ijumaa ya wiki ijayo," alisema, bila hasira yoyote. "Jumamosi yake tutakuja." Akamrudishia kibali. Noti akabaki nayo.

Nassir aliporudi, Shufaa alikuwa ameshika albamu, anacheka kwa nafuu. "Kumbe mwenzangu ameolewa kwingine!"

Nassir hakucheka. Alipanda kwenye kiti, akaanza kuteremsha saa za watu ukutani, moja moja.

"Wapigie simu wenye saa," alisema. "Waje wazichukue kabla ya Ijumaa."