Tairi Ambalo Mume Wangu Alilinyamazia

Bado naikumbuka, mwanangu, Jumamosi ambayo mama yangu alivunja mwiko wake kando ya barabara ya Masii. Nilikuwa mwanamke kijana, nina mtoto mmoja tu, Mumo, na nilikuwa nimeamini moyoni kwamba mume wangu ana mwanamke mwingine. Usinicheke bado. Ngoja nikueleze ushahidi niliokuwa nao, halafu uniambie wewe ungefikiri nini.

Tulikuwa tunaishi Machakos mjini, naye mume wangu, Kioko, akifanya kazi kiwandani Athi River. Tulikuwa tumenunua gari dogo lililokwisha kutumika, na mwanzoni alitupeleka nalo kila mahali, hata dukani pa jirani. Halafu mambo yakabadilika. Akaanza kuchelewa kurudi. Akaanza kutuambia mimi na mtoto tupande matatu, eti yeye ana pahali pa kupitia kwanza. Nikimuuliza ni pahali gani, anatafuta funguo ambazo tayari ziko mkononi mwake. Sasa mwanamume asiyetaka mkewe aketi garini anaficha nini? Nilikagua viti nikitafuta unywele usio wangu. Nilinusa mikanda. Jioni moja alirudi na viganja vyeusi, akavisugua kwa sabuni muda mrefu, nami nikaushuku hata ule weusi.

Mimi ni mtu wa kushuku tangu utotoni, na sioni haya kusema. Nikipimiwa sukari natazama mizani, si uso wa muuzaji. Pasta akifupisha mahubiri najiuliza anawahi wapi. Kushuku kumeniokoa mara nyingi maishani, kwa hiyo usidhani nimekuita hapa nikuambie uache.

Nilimpigia mama simu kule Masii nikamwomba aje kunitembelea. Sikumwambia sababu, lakini aliisikia sauti yangu akafunga mzigo wake. Mwaitu, ndivyo tunavyowaita mama zetu Ukambani, alikaa kwetu siku chache akimpeleleza mkwe wake kwa pembeni. Kwa pembeni, maana kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawazoeani. Hiyo ndiyo nthoni, heshima iliyochanganyika na haya. Mama alikuwa mtu wa kanisa kabisa, lakini nthoni hakuiacha. Hakuketi meza moja na Kioko, hakumtazama usoni, na tangu tuoane hakuwa amemsemesha hata neno moja. Akiwa na jambo kwake alinituma mimi, hata kama Kioko amesimama papo hapo akisikia yote.

Siku ya kumrudisha mama kwake ilipofika, Kioko hakuwa na ujanja. Mimi angeweza kuniambia nipande matatu, lakini mama mkwe? Aibu ingemmaliza. Asubuhi ile alilizunguka gari, akayapiga teke magurudumu, akasimama akiyatazama. Nikajiambia, huyu anatafuta kisingizio. Niliketi mbele ili nichunguze vizuri. Mama, kwa nthoni yake, aliketi nyuma upande wangu, mbali kabisa na macho ya mkwe wake, akampakata Mumo.

Kioko aliendesha polepole mpaka malori ya mchanga yakatupita yakitupigia honi. Nikafungua kidroo cha mbele nikapekua. Hapakuwa na kitu. Basi nikazidi kushuku, maana gari safi namna ile limesafishwa na mtu.

"Ndinda," mama akaniita kutoka nyuma. "Hebu uliza Baba Mumo, hii kitu inanipiga hapa chini ni nini?"

Nikamgeukia Kioko, aliyekuwa amesikia vizuri kama mimi. "Mama anauliza ni nini inampiga."

"Mwambie ni barabara."

"Anasema ni barabara, mwaitu."

Mama akatega sikio. "Mwambie barabara haiwezi kupiga mimi peke yangu. Huko mbele inawapiga?"

Haikuwa inatupiga. Usukani ulikuwa umetulia na lami pale ilikuwa nzuri. Nilipozima redio ndipo nikasikia, tup, tup, tup, chini ya kiti cha mama, ikienda mbio tukienda mbio na kupungua tukipungua. Nikamtazama mume wangu. Asubuhi ilikuwa ya baridi, lakini shingo yake ilikuwa inatoka jasho. Hapo nikamsahau yule mwanamke wangu wa kubuni, nikaanza kuogopa kweli.

"Simamisha gari," nikasema.

Nilishuka nikalitazama tairi la nyuma. Kwa macho lilikuwa zuri, jeusi la kung'aa, na meno marefu kama ya tairi jipya. Nikapitisha kiganja juu yake, taratibu, kwa maana lilikuwa la moto. Mahali pamoja palikuwa pamevimba. Ukingoni mwa ule uvimbe, tabaka la juu, lile lenye meno yanayoshika lami, lilikuwa limeanza kuachana na mwili wa tairi. Kidole changu kiliingia katikati, kikachomwa na waya.

Kioko alikuwa amesimama nyuma yangu. "Nilipeleka kwa fundi likabalansiwa, lizunguke sawasawa," akasema. "Likatulia kidogo, likaanza tena. Si Masii ni hapa tu? Tuende pole pole, nitalibadilisha tukifika."

Mama alifungua mlango akashuka, Mumo begani. Akatembea mpaka mbele ya mkwe wake, akamtazama usoni.

"Kioko," akasema.

Mwanangu, kusikia jina lile kinywani mwa mama kuliniogopesha kuliko ule waya. Kioko mwenyewe aliinamisha kichwa kama mtoto wa shule.

"Unataka kuniulia mjukuu juu ya kuona haya? Toa hiyo kitu."

Kioko akaenda kutafuta jeki. Alifunga tairi la akiba, tukafika Masii. Sokoni, fundi wa pancha aliingiza chuma pale palipoachana, akavuta, na lile tabaka lote likatoka kama ganda la muhogo uliochemshwa. Akatuambia kwamba tairi lilikuwa la zamani sana, limepakwa rangi tu, na kwamba tungekimbia nalo lingejivua barabarani na gari lingetushinda.

Nyumbani kwa mama ndipo Kioko aliponiambia yote. Matairi yale aliyanunua kwa rafiki yake mmoja, mtu ambaye nilikuwa nimemkataza Kioko asinunue kwake hata msumari. Gari lilipoanza kutetemeka aliwapitia mafundi, akawa anasimama njiani tairi lipoe, na ndiyo maana alichelewa. Sisi alitupeleka kwenye matatu ili likipasuka awe peke yake.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Nilijua vile ungeniambia."

Nililia, kwa hasira na kwa uchungu. Mama alikuwa jikoni akisikia. Alisubiri Kioko atoke nje, akanijia.

"Mwiitu wakwa, binti yangu," akasema, "huyo mtu ameona heri afe peke yake huko barabarani kuliko kukuambia amekosea. Mambo ya tairi ni yake. Hii ingine ni yako."

Nilitaka kujibu kwamba kuhusu yule rafiki nilikuwa sahihi, na nilikuwa sahihi kweli. Lakini usahihi wangu ulikuwa umebakisha kidogo tu uniache mjane, na huenda bila mtoto.

Basi sikiliza, mwanangu, wewe unayejivunia gari lako. Shuku. Mimi mgeni akiingia hapa kwangu nayasalimu magurudumu yake kwanza. Usidanganywe na weusi wa tairi. Soma zile namba nne ndogo ubavuni zinazosema wiki na mwaka lilipotengenezwa. Lipapase kabla ya safari lingali baridi, usikie kama lina uvimbe. Likianza kukupiga pahali pamoja, ondoka barabarani taratibu, usimame, na usikubali kuambiwa ni barabara. Likibalansiwa kisha likarudia, ujue ugonjwa uko ndani. Na kamwe usiseme umebakisha kidogo kufika.

Lakini watu wa nyumbani kwako uwape nafasi ya kukosea. Mtu akikuambia, "Nimeharibu," lile neno "nilikukanya" limeze kwanza, hata kama ulimkanya kweli. Utalisema baadaye kama bado lina maana. Mwulize kwanza kama yuko salama.

Mungu akutangulie kila safari na akurudishe mlangoni kwako ukiwa mzima. Na siku umpendaye atakapoingia ndani na neno zito la kukuungamia, Mungu akupe uso mpole, ili asigeuke akarudi nalo barabarani.