Nyota Mbele ya Kila Jina

Siku diski ilipojaa, kila mtu ofisini alimjua mwenye kosa, na mwenye kosa hakuwa yeye. Ilikuwa miaka ya Zaire, katika chumba chenye baridi kuliko vyote Kolwezi, kwa maana kiyoyozi kililetwa kwa ajili ya kompyuta ya kampuni, nasi tulifaidi makombo. Kila mmoja alikuwa na kioo chake cha herufi za kijani. Diski ilikuwa moja, tukila humo sote kama sahani ya bukari, ugali wa kwetu.

Na siku yenyewe ilikuwa ya posho, unga wa mwezi ambao familia za wafanyakazi hugawiwa. Orodha ya familia ilitoka kwenye mashine hiyo, na mashine haikuweza kuichapa bila nafasi ya kuipanga kwanza. Bila orodha, bohari haifunguliwi. Akina mama wa Musonoi, mtaa wa wafanyakazi, walikwisha kupanga mabeseni nje. Kwetu ni Musonoi. Nilijua matusi yangeanza na nani.

«Tufute, tufute,» mkubwa wetu alisema. Tufute nini, naye hajui kilichoijaza diski? Hasira zikanipanda, nikaketi kuandika programu: ipite diski nzima, ijumlishe, kisha ionyeshe jina la kila mtu na nyota mbele yake. Aliyejaza sana, nyota nyingi. Nilipoiendesha, ikagoma. Nilikuwa nimeiagiza iandike majibu yake kwenye diski, ile ile iliyojaa! Nilicheka peke yangu kama mwehu, nikaiamuru iandike kwenye kioo tu.

Nyota zikamiminika. Lo! Mkubwa wetu, aliyetuhubiria usafi kila Jumatatu, mstari wake ulikaribia ukingo wa kioo.

«Eee, citoyen chef,» akasema mwenzangu wa meza ya pili, «weye njo unatumalizia fasi!»

Mkubwa, kwa kuambiwa ndiye anayetumalizia nafasi, akakohoa, akafuta barua zake kuukuu. Nami nikafuta vyangu. Haikutosha.

Mstari mrefu kuliko yote ulikuwa wa mwenzetu aliyefariki mwezi ule. Marehemu aliogopa mno umeme kukatika, hivyo kila kazi aliiwekea nakala, na nakala ya nakala. Sote tuliona, hakuna aliyegusa.

«Bitu ya mufu habagusake mbele familia ikuye,» mkubwa alisema, na kwa hilo sikuwa na ubishi. Kwetu shati la marehemu, baiskeli yake, hata kijiko chake, hukaa pale pale mpaka ndugu waseme. Kwamba faili si shati, hakuna aliyethubutu kutamka, hata mimi mwenye mdomo.

Basi nikaenda kwa mjane wake, mama wa makamo, nikiona haya njia nzima.

«Mama, baba aliacha bitu ndani ya mashini. Bimejaza fasi, liste ya posho haiwezi kutoka.»

«Bitu gani?»

«Kazi yake. Ya kweli tuko nayo fasi ingine. Hii ni kopi tu.»

Akacheka, mara ya kwanza nimsikie tangu msiba. «Hata huku ku nyumba, mikebe tupu yote alichungaka!» Akajifunga kitenge, akamwita shemeji yake, ndugu wa marehemu, kwa kuwa kuamua peke yake haifai, tukaenda.

Nilimwonyesha jina na nyota zake. Akagusa kioo. Shemeji akaitikia kwa kichwa.

«Futa, mutoto yangu. Batoto ya batu balale na njaa juu ya kopi?»

Nikafuta. Nikaendesha programu tena ili aone nafasi ilivyopatikana. Nyuma yetu printa ikaanza kulia, ikichapa orodha, wenzangu wakapiga vigelegele. Yeye bado alikuwa anatafuta kiooni.

«Na jina yake iko wapi?»

Programu yangu ilimruka yeyote asiye na kitu. Niliandika hivyo mwenyewe, nikijiona mjanja. Nikamwomba angoje, nikaondoa amri ile, nikaendesha upya. Jina likaja, chini kabisa, bila nyota hata moja mbele yake.

Akainama, akalisoma kwa sauti, lote, kama anavyoitwa mtu aliye chumba cha pili.