Mkono Uliopanda Mzabibu

Niliwahi kuamini, kwa moyo wote wa mtu aliyemaliza shule ya usiku, kwamba mzabibu humjua aliyeupanda. Mkono ule ukiondoka shambani, mti hukauka mpaka mzizini, na mzizi wenyewe, nilivyoambiwa, hupita chini ya ziwa Naivasha na kutokea ng'ambo. Kwa hiyo hakuna setla mwenye akili timamu angemfukuza mtu aliyempandia mizabibu. Habari hiyo ilienea kambi za vibarua kama upele, na kwenye karakana ya reli Nakuru, nilikofanya kazi, mwenezaji mkuu nilikuwa mimi.

Ushahidi tulikuwa nao. Baba mdogo ndiye aliyepanda mizabibu ya setla mmoja kando ya ziwa, mimi nikiwa bado sijui kujifunga kifungo. Kila msimu wa kupunguza matawi alipapasa shina kwanza, kama mtu anayemtuliza ng'ombe, ndipo akakata. Baadaye, pale mkasi ulipopita, mti ulianza kutoa maji. Matone safi, moja moja, kutwa nzima.

"Inalia," watu wa kambi walisema. "Imemjua baba yake."

Kisha, miaka ile ya hali ya hatari, yule setla alitangaza kwamba wote wanaokaa shambani na familia na mifugo wahame kabla ya mvua. Alitaka vibarua wa kuja asubuhi na kupotea jioni. Wengine walianza kung'oa mabati. Baba mdogo hakukunja hata mkeka.

Nilipowatembelea Jumamosi moja, mama mdogo aliniwekea chai, akaketi mbele yangu.

"Wewe msomi, mwambie atafute mahali. Maneno yangu ameyazoea kama mlio wa mlango."

"Si mna shamba nyumbani?"

"Ndugu zake walishaligawana. Walidhani amekufa huku."

Baba mdogo alicheka kutoka mlangoni. "Mzungu anatutisha tu. Anapenda mvinyo wake kuliko mkewe. Ataiacha mizabibu ikauke?"

Nikatoa shauri nililoliona la busara kupita mashauri yote ya dunia. Ng'ambo ya ziwa kulikuwa na shamba jingine la mizabibu, na mzee aliyelipanda alikuwa amefukuzwa kitambo. Twende tukaione ilivyokauka, mama mdogo apate usingizi.

Tuliondoka alfajiri ya Jumapili. Vumbi la njia ile lingetosha kupanda viazi kichwani mwangu. Baba mdogo alivaa koti lake la kanisani na kupiga mluzi njia nzima.

Langoni bawabu alitutazama viatu. "Mnatafuta kazi?"

"Tunatafuta maiti," nikasema.

"Maiti ya nani?"

"Ya mizabibu."

Alicheka, na kwa kuwa bwana wake alikuwa ameenda Nairobi, akatufungulia. Alitupeleka kwanza kwenye jengo la mawe lililokuwa zizi la farasi. Ndani palikuwa na baridi, na mapipa yamepangwa hadi ukutani. Siku zile mvinyo wa Kizungu haukuwa wetu hata kuunusa, lakini alinimiminia tone kwenye kikombe cha bati. Midomo ilijikunja mpaka masikio yakaamkiana.

Baba mdogo hakuonja. "Huu ni wa lini?"

"Wa mavuno ya juzi. Mapipa hayakutosha."

"Yule mzee alikuwa ameshaondoka?"

"Zamani sana."

"Alikwenda wapi?"

Bawabu alielekeza kidevu barabarani. "Huko. Hatujamsikia tena."

Mluzi ulikoma hapo. Tukatoka kwenda kuona mizabibu. Ilisimama safu kwa safu mpaka karibu na mafunjo ya ziwani, minene kuliko ya kwetu, imetoka kupunguzwa na kibarua mgeni ambaye bawabu hata jina lake hakulishika. Na kwenye kila kidonda cha mkasi palining'inia tone.

Baba mdogo alipiga goti ndani ya koti lake la kanisani. Alikinga tone kwa kidole, akaliweka ulimini, akakinga jingine kwenye mti wa pili, na wa tatu.

"Labda haijapata habari kwamba mzee ameondoka," nikasema.

Alikuwa mtu wa kucheka hata vichekesho vyangu vibovu. Safari hii alifuta kidole kwenye suruali, akasimama kwa kushika nguzo, na kwa mara ya kwanza nikamwona mzee.

Tulirudi kwa njia ile ile. Jua lilikuwa limeshuka tulipoona moshi wa nyumba yake, na mama mdogo uani akichambua mboga, hajui. Nyuma yake, mizabibu ya baba mdogo, imenyooka kama alivyoifunga kwa katani. Alisimama akaitazama muda mrefu.

"Kwenye gari la moshi," aliniuliza, "wanakubali kuku?"

"Wanakubali. Mnakwenda wapi?"

"Sijui."

Sikuweza kunyamaza; maisha yangu yote sijaweza. "Lakini yako, baba mdogo, ilikuwa inakulilia. Sote tuliiona."

"Mwanangu," alisema, "mti haumjui mtu. Ukiukata unatoa maji, yeyote aukate."